Maswali ya Wasomaji: Italia Huliwa Mkoa kwa Mkoa

Swali: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu ni wakazi wa Mombasa na tunatarajia kwenda Italia mwezi wa tano, tukianzia Milano na kushuka kwa treni hadi Sicilia. Vyakula vya Kiitalia tunavyovijua ni piza na spageti za hoteli za Malindi na Watamu. Tungependa kuonja vyakula vyao vya asili, ila sisi ni Waislamu, hatuli nguruwe wala hatutumii mvinyo. Je, kutabaki nini cha kula?

Jibu: Dada yangu, vitabaki vingi, na baadhi yake ni vile ambavyo Waitalia wenyewe huvionea fahari. Kwanza fahamuni kwamba Italia ilikuwa dola mbalimbali hadi ilipounganishwa mwaka 1861, na mpaka leo kila mkoa una jiko lake: kaskazini hupikia siagi, mchele na mahindi, ilhali kusini hutegemea mafuta ya zeituni, tambi kavu za ngano ngumu na nyanya. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, nao ni kwamba kila mnapoteremka kwenye treni, agizeni kile kinachopikwa na wenyeji wa hapo, wala msiende Milano mkatafuta piza ya Napoli.

Milano ina risotto alla milanese, wali wa rojorojo uliotiwa zafarani. Hapa kuna tahadhari, kwa sababu mapishi ya asili hutumia uboho wa ng'ombe na mara nyingi mvinyo mweupe, hivyo ulizeni kabla ya kuagiza. Firenze ina ribollita, supu nzito ya maharagwe, mkate mkavu na majani meusi ya jamii moja na sukuma wiki. Nayo pia wapishi wengine huiongezea ngozi ya nguruwe. Napoli haina mashaka makubwa. Piza iitwayo marinara ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni tu, na unga wake hukandwa kwa maji, chumvi na hamira bila mafuta yoyote, kisha huokwa kwa dakika moja au moja na nusu katika tanuri la kuni lenye joto linalozidi nyuzi 400. Ufundi wa waokaji hao uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2017, na kwa maoni yangu unastahili heshima hiyo.

Siku nyingi zaidi ziwekeni Sicilia. Kisiwa hicho kilitawaliwa na Waislamu kuanzia karne ya 9 hadi Wanormani, wapiganaji Wakristo kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipokiteka katika karne ya 11, na athari hiyo bado imo sahanini. Trapani hupika kuskusi kwa mvuke na kuimwagia mchuzi wa samaki wa aina kadhaa. Palermo hupika tambi kwa sadini, shamari ya porini, zabibu kavu, mbegu za msonobari na zafarani, mchanganyiko wa utamu na chumvi ambao mlaji wa pilau na biriani ataupokea bila kushangaa. Barabarani huuzwa panelle, vipande vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa na kutiwa ndani ya mkate. Catania ina pasta alla Norma, yenye biringanya za kukaanga, nyanya, mrehani na jibini kavu la ricotta. Jihadharini tu na cannoli, vitamutamu vya maganda yaliyojazwa jibini laini: maganda yake kwa desturi hukandwa kwa mvinyo wa Marsala na hukaangwa katika mafuta ya nguruwe.

Shikeni maneno haya ya kusoma kwenye orodha za vyakula: maiale ni nguruwe, strutto ni mafuta yake, na guanciale, pancetta, speck na prosciutto vyote ni nyama yake. Carbonara ya Roma, tambi za mayai, jibini na guanciale, basi, iacheni. Kumbukeni pia kwamba jibini la Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na katika jambo hilo kila mmoja afuate rai ya mwanachuoni anayemwamini.

Swali: Je, ni kweli kwamba mtu akifika Bologna hapati spaghetti bolognese? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Mikahawa ya watalii huiuza, lakini si chakula cha jadi cha mji huo. Wenyeji hula tagliatelle al ragù, tambi bapa za unga laini na mayai, kwa kuwa upana wake hushika vizuri nyama iliyosagwa na kuchemshwa polepole kwa saa kadhaa. Mapishi ya ragù, yaani mchuzi huo wa nyama, yaliwekwa rasmi katika Chemba ya Biashara ya Bologna mwaka 1982. Humo kuna pancetta na mvinyo.

Swali: Nimesikia Waitalia nao wana ugali. Unafananaje na wetu? (Msomaji, Iringa)

Jibu: Ndiyo, huitwa polenta, na makao yake ni mikoa ya kaskazini kama Veneto, Lombardia na Friuli. Mahindi yalifika huko kutoka Amerika katika karne ya 16 na kushika nafasi ya nafaka za zamani. Polenta hukorogwa kwenye sufuria ya shaba kwa muda wa dakika 40 au zaidi, huwa laini kuliko ugali, na milimani huchanganywa na siagi na jibini nyingi. Kiporo chake hukatwa vipande na kuchomwa. Historia yake ina majonzi pia: wakulima maskini wa karne ya 18 na 19, ambao hawakuwa na kitoweo, waliugua pelagra, ugonjwa wa upungufu wa vitamini, kwa wingi kwa kula polenta peke yake. Nyingi ni ya njano, lakini maeneo ya Venezia na Treviso hupika ya mahindi meupe na kuila na samaki, na hiyo ndiyo ningekushauri uitafute. Ukisafiri kati ya Novemba na Februari utaipata kwa urahisi zaidi, kwa kuwa wenyeji huihesabu kuwa chakula cha msimu wa baridi.