Mjukuu kachukuliwa: bibi na babu waanzie wapi?

Nimemlea mjukuu tangu ana miaka miwili mpaka darasa la pili. Binti yangu kaolewa, kaja kumchukua, sasa hata simu hapokei. Nina haki gani? (Bibi, Morogoro)

Shikamoo, bibi. Kwa sheria ya Tanzania Bara, ubibi peke yake haukupi mtoto, ila kule kumlea kunakufungulia mlango. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamruhusu ndugu aliyekuwa akimlea mtoto kuiomba mahakama nafasi ya kuonana naye.

Anzia kwa afisa ustawi wa jamii, awaite wewe na binti yako mzungumze. Ikishindikana, peleka ombi Mahakama ya Watoto. Huko watatazama kwanza manufaa ya mtoto: umri wake, anachotaka mwenyewe kama hajafundishwa cha kusema, na ubaya wa kukatizwa malezi aliyoyazoea. Kwa hiyo tafuta kadi ya kliniki, risiti za shule zenye jina lako, na jirani aliyekuwa akikuona ukimpeleka darasani. Ningekuwa wewe, ningeomba kinachotekelezeka: likizo ya Juni na simu kila Jumapili. Na usimvizie shuleni ukaondoka naye, tafadhali. Sheria hiyohiyo inakataza, na utakuwa umemkabidhi binti yako kesi.

Mwanangu amefariki. Mkwe karudi kwao na mjukuu wa miaka mitatu. Huyu si mtoto wa ukoo wetu? (Babu, Mbeya)

Pole kwa msiba, babu. Wa ukoo wenu ni kweli, lakini mama yake yupo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mila husikilizwa, ila haipiti manufaa ya mtoto. Omba kumtembelea. Na kama wewe ndiye msimamizi wa mirathi, umepewa mali ya kugawa tu. Fungu la mjukuu usilizuie ili kumbana mama yake.

Wazazi wote wawili wapo mjini, mjukuu kaachwa kwangu, matumizi hayaji. Naweza kudai mimi? (Bibi, Singida)

Ndiyo. Ndugu wa mtoto anaruhusiwa kuomba amri ya matunzo dhidi ya mzazi. Kama huna wakili, ulizia wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua.

Baba wa mjukuu hakumaliza mahari. Tukimzuia mtoto kwetu mpaka alipe, tunakosea? (Babu, Tarime)

Mnakosea. Mahari mdaini baba mtu, mjukuu hakukopa.