Maswali ya wasomaji: Laini dhaifu, niitupe au niihifadhi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea uzalishaji wa mbegu. Nina laini safi 40 za mahindi, yaani koo za mahindi ambazo kila moja imechavushwa kwa chavua yake yenyewe, zote vizazi sita. Baadhi zinapendeza, nyingine mabua membamba na hindi halizidi kidole. Nilitaka nibakize kumi zenye mavuno makubwa, kisha nizichanganye. Msimamizi wangu kakataa katakata. Kwa nini?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako yuko sahihi. Mkulima hatapanda laini yako, atapanda chotara wake, yaani mtoto wa laini mbili zilizochanganywa, na mavuno ya laini yenyewe hayatabiri vizuri mavuno ya chotara. Kila kizazi cha kujichavusha hupunguza kwa nusu mchanganyiko wa nasaba uliobaki, na kasoro zilizokuwa zimejificha hujitokeza. Mwaka 1908, huko Marekani, mtaalamu wa mimea George Shull alieleza kwamba laini zilizofifia zikichanganywa, nguvu hurudi kwa chotara.

Sasa usikimbilie kuchanganya zote kwa zote. Laini 40 ni chotara 780, hata bila kubadilisha nani baba nani mama. Nani atavuna yote hayo? Tafuta laini mbili zinazofahamika tabia zake, kila moja kutoka kundi lake la nasaba (laini zenye ukoo wa karibu), ziwe za kupimia. Chavusha laini zako zote kwa hizo mbili, upate chotara 80. Laini ambayo watoto wake wanafanya vizuri kwa zote mbili, ishike. Ile inayong'ara kwa moja tu huenda ni ya kundi la ile nyingine, maana nguvu ya chotara huzidi wazazi wakiwa wa makundi tofauti, na hiyo ni habari njema: umeshajua pa kuipeleka. Panda kwa marudio, maeneo na misimu zaidi ya mmoja, na uzito wote usahihishe kwa kiwango kimoja cha unyevu.

Hata hivyo, shamba la laini lina kazi yake. Mbegu ya kuuzwa huvunwa kwa mama. Akizaa punje kiduchu, mbegu huwa ghali. Ndiyo sababu mwaka 1917 mtafiti wa mahindi Donald Jones alichanganya wazazi wanne, ili mama wa mwisho awe tayari chotara mwenye nguvu. Laini yenye hindi dogo lakini chavua tele inaweza kufaa kuwa baba. Andika tarehe mbelewele (ua dume la kileleni) inapoanza kumwaga chavua na tarehe ndevu za hindi zinapochomoza. Ukame ukibana, ndevu ndizo huchelewa, na pengo kati ya tarehe hizo mbili likirefuka utavuna mahindi yenye mapengo. Tena laini na chotara usizipande bega kwa bega. Chotara watazifunika kwa kivuli, utapima kivuli badala ya laini.