Maswali ya Wasomaji: Madaftari ya Shambani Mbele ya Akili Mnemba

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, mimi ni bwana shamba mstaafu na ninaishi Newala. Katika utumishi wangu wote niliandika madaftari: lini mikorosho ilianza kuchanua, salfa ilipulizwa siku gani, ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu mweupe ambao salfa huuzuia) ulianzia upande gani wa shamba, na wazee walisema nini kuhusu mvua. Mjukuu wangu amepiga picha kurasa nyingi na kuziingiza kwenye kompyuta mpakato. Anasema msaidizi wa akili mnemba anaweza kuzisoma, kuzipanga na kuziunganisha zinazohusiana, ili vijana wanaolima sasa wapate cha kujifunza. Tulipojaribu tulipewa mpango mzuri wa mada, lakini nilipousoma sikuyaona mambo ninayoyafahamu. Kazi hii ifanyweje? Ninakutumia dokezo moja liwe mfano: "14 Julai. Shamba la bondeni. Maua theluthi moja. Salfa tumepuliza alfajiri umande ungalipo, ila upepo umeanza kabla ya safu za mwisho upande wa mashariki. Kurudia."

JIBU: Mzee wetu, shikamoo, na ahsante kwa kututumia dokezo lenyewe, kwa kuwa linatuwezesha kujibu bila kubahatisha. Hukukosea ulipoona kwamba kuna kitu kimepungua. Msaidizi alipanga kwa kuangalia mambo yanayofanana, ilhali unachokifahamu wewe ni jinsi jambo moja lilivyozaa jingine.

Programu nyingi za akili mnemba za kuunganisha madokezo hugeuza kila kipande cha maandishi kuwa safu ndefu ya namba zinazowakilisha maana yake kwa makadirio, kisha hutafuta vipande ambavyo namba zake zinakaribiana. Kwa njia hiyo zinaweza kutambua kwamba "maua yamevaa unga mweupe" na "ubwiri umeingia" ni habari moja, hata kama hakuna neno linalojirudia, na kwa mtu mwenye mamia ya kurasa huo ni msaada mkubwa ambao sitaki uudharau. Lakini kwa njia hiyohiyo zitaunganisha madokezo mawili kwa kuwa yote yanataja salfa, ingawa moja linahusu salfa iliyochelewa kufika kijijini na jingine linahusu salfa iliyopeperushwa. Na huenda zikaliacha dokezo la upepo wa Julai mbali na dokezo la mavuno haba ya Novemba, kwa sababu kwa maneno matupu upepo na magunia havifanani.

Kuunganisha madokezo ni kazi iliyokuwepo kabla ya kompyuta. Mwanasosholojia wa Ujerumani, Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliacha kadi zipatazo 90,000. Kila kadi ilikuwa na namba yake, na ndani yake aliandika namba za kadi nyingine zilizohusiana nayo. Kila alipoandika namba hizo alilazimika kufikiri kwanza kwa nini kadi hii imwelekeze msomaji kwenye ile. Sehemu hiyo ya kufikiri ndiyo ninayokusihi usimwachie msaidizi, kwa kuwa sababu za yaliyotokea katika mashamba hayo mmebaki nazo wewe na wachache wa rika lako, na hazimo katika maandishi yoyote ambayo mashine imewahi kuyasoma.

Tulichukue dokezo lako la 14 Julai. Mtu asiyejua kilimo cha korosho haelewi kwa nini umetaja umande, wala kwa nini upepo uliwasumbua. Wewe unajua kwamba salfa ya unga hupulizwa mapema asubuhi, hewa ikiwa imetulia, ili ishike kwenye maua na machipukizi yenye unyevu. Ikiwa mwezi Oktoba wa mwaka huohuo uliandika kwamba safu za mashariki hazikubeba vizuri, basi kiungo kati ya madokezo hayo mawili kiandikwe na sababu yake, kwa sentensi nzima, kwa mfano: "Tazama dokezo la Oktoba kuhusu shamba la bondeni; safu za mashariki ndizo zilizokosa salfa siku ya upepo, na hatukurudia kwa sababu mifuko ilikuwa imekwisha." Kijana atakayesoma sentensi hiyo amefundishwa. Akikuta kiungo kitupu kinachosema tu kwamba madokezo haya mawili yanahusiana, atayafungua yote mawili na kuyafunga bila kuelewa ulichotaka akione.

Msaidizi mpe kazi ya kukutafutia mahali pa kuangalia. Mpe madokezo ya msimu mmoja kwa wakati, kwa kuwa kuna kikomo cha maandishi anayoweza kuyashika kwa pamoja, na anapopewa mengi mno huanza kuyapitia juu juu. Kisha mwagize hivi: "Nitajie jozi za madokezo zinazoweza kuhusiana. Kwa kila jozi, ninukulie sentensi moja kutoka katika kila dokezo, na unitajie tarehe yake. Ukikosa sentensi ya kunukuu, usiitaje jozi hiyo. Usibadili neno lolote." Hata hapo, fungua dokezo na uhakikishe kwamba sentensi aliyoinukuu ipo kweli, kwa sababu wasaidizi hawa huweza kutunga nukuu ambayo haikuandikwa na mtu yeyote, tena kwa lugha inayofanana sana na ya mwenye daftari. Jozi utakazozikubali ziandikie sababu wewe mwenyewe, au useme kwa mdomo na mjukuu aandike. Utakazozikataa zifutwe palepale, zisibaki zikamchanganya msomaji.

Kabla ya hayo yote kuna kazi moja ya kuchosha ambayo haina njia ya mkato. Kompyuta inaposoma mwandiko kutoka kwenye picha, maneno mara nyingi hutoka vizuri, lakini tarakimu huharibika: 1 huwa 7, na 3 huwa 8. Neno lililokosewa utalitambua mara moja kwa kuwa sentensi haitaeleweka, ila tarehe au kilo zilizokosewa hazipigi kelele, na zikishaingia kwenye mpangilio zitaaminiwa. Kaa na mjukuu wako, mmoja asome daftari kwa sauti na mwingine afuatilie kwenye kioo, tarakimu kwa tarakimu. Tarehe ziandikeni kuanzia mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili faili zijipange zenyewe kwa mfuatano. Picha za kurasa halisi ziwekwe katika folda yake na zisiguswe tena, na nakala yake ihifadhiwe kwenye kifaa kingine.

Tengeneza pia dokezo moja la maana za maneno, ulitangulize kila unapoanza mazungumzo na msaidizi. Wasaidizi hawa wamejifunza Kiswahili kwa maandishi machache kuliko Kiingereza, na maneno ya kwenu yako machache zaidi humo. Usitarajie ajue kwamba kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, kwa kipimo cha mnunuzi mwenyewe, wala kwamba "mbu" katika daftari lako ni mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho na hahusiani na malaria. Majina ya mashamba, mabonde na njia yaingie humo pia. Na pale daftari linapomtaja mtu aliyeuza kwa kangomba au aliyekuwa na deni, toa jina lake kabla ya ukurasa kutoka nyumbani kwako. Wengine wangali hai, na watoto wao ni majirani wa wajukuu zako.

Kuhusu programu, sina haja ya kukuchosha. Ninapendelea zile zinazohifadhi madokezo kama faili za maandishi ya kawaida ndani ya kompyuta yako, kama vile Obsidian, ambapo jina la dokezo likiwekwa kati ya mabano mraba mawili mawili linakuwa kiungo. Inafanya kazi hata bando likiisha, na siku ukiiacha, faili zako zitasomeka kwa programu nyingine yoyote ya maandishi.

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wilayani Ruangwa. Ninataka msaidizi aunganishe kumbukumbu zangu za vikao na daftari la wanachama pamoja na malipo yao ya korosho. Je, inafaa?

JIBU: Ndugu katibu, daftari la wanachama usilipeleke jinsi lilivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililofanya zikusanywe, na inaweka masharti kabla ya kuzisafirisha nje ya nchi. Nawe unapobandika malipo ya mwanachama kwenye msaidizi wa mtandaoni, kwa kawaida umeyapeleka kwenye kompyuta zilizoko nje. Kubadili majina kuwa namba kunasaidia kwa kiasi tu, kwa kuwa katika kijiji kimoja uzito wa mzigo na tarehe ya mnada vinatosha kumtambulisha mkulima.

Mpe msaidizi kumbukumbu zisizo na mtu ndani yake: maazimio ya vikao, ratiba za minada, tarehe za kupokea magunia na pembejeo, barua za chama kikuu cha ushirika zisizotaja wanachama. Viungo vya kutoka maazimio hayo kwenda kwenye daftari la malipo viandike kwa mkono, kwa kutaja ukurasa, na daftari libaki kabatini. Ukiona ulazima wa kwenda mbali zaidi ya hapo, peleka hoja kwenye bodi ya chama kwanza, na uamuzi wake uandikwe kwenye muhtasari wa kikao.