Papa wadogo ndani ya nyumba: anza na sakafu

Ndugu yangu, umeuliza kama bwawa la mita 3 kwa 2, kina sentimita 60, linafaa ghorofani kwa papa wawili aina ya Chiloscyllium punctatum. Ghorofani usithubutu! Hizo ni lita 3,600. Maji ya bahari peke yake yanakaribia tani 3.7. Jenga chini, na pembe uziviringe, maana papa hawa hukua hadi karibu mita 1 na hushinda wamelala chini. Mwaga mchanga laini, changarawe itawachubua tumbo. Shaba ni sumu kwao: isiguse maji, hata koki moja, wala dawa yenye shaba. Kisha uwe na subira: kabla ya kuleta papa, endesha kichujio wiki kadhaa, ukiwalisha amonia kidogo kidogo bakteria wa kichujio, ambao ndio watakaovunja uchafu wa papa, mpaka kipimo cha amonia na cha nitriti (sumu inayotokana na amonia) kisome sifuri. Juu funika kwa wavu.