Waifai ya Meshi Katika Nyumba ya Mawe

Msomaji mmoja wa Lanet ameniandikia akitaka kujua anunue vituo vingapi vya waifai ya meshi, yaani visambaza-mtandao kadhaa vinavyofanya kazi kama kimoja, ili mtandao ufike katika vyumba vyote vya nyumba yake, na kama ni kweli kwamba vitatu ni bora kuliko viwili. Nilianza kumjibu kwa ufupi, jibu likarefuka, nikaona afadhali niliweke hapa, kwa kuwa najua wengi wenu mnafanyia kazi nyumbani kama mimi na mmechoka kuwaomba wateja radhi kwa sauti inayokatika.

Nyumba yetu iko Kiamunyi. Ni ya ghorofa, imejengwa kwa mawe yale ya kuchongwa kwa mashine ambayo Nakuru haina uhaba nayo, na kati ya chini na juu kuna sakafu ya zege yenye nondo. Fundi aliyetuletea faiba aliifunga modemu kwenye kona ya sebule, nyuma ya televisheni, kwa sababu ndipo waya wake ulipoingilia. Nilimwomba auvute hadi karibu na ngazi. Akanijibu, "Mama, hapa itashika nyumba nzima," akakusanya vyombo vyake akaondoka. Ofisi yangu, ambamo ninaandika hesabu za wafanyabiashara walio mbali, iko juu, upande wa pili wa nyumba. Humo simu ilionyesha kijistari kimoja cha waifai, na jioni, majirani wakisharudi makwao, hata hicho kilitoweka.

Mteja niliyemthamini kuliko wote alinivumilia kwa muda mrefu. Siku ya kufunga hesabu za mwaka, nikiwa namweleza kwa nini faida yake imepungua, picha yangu iliganda na sauti ikapotea, na niliporudi alikuwa amekwisha kuondoka kwenye kikao. Barua pepe iliyofuata ilikuwa fupi na yenye adabu, na kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Bado inaniuma. Mdogo wa mume wangu, ambaye kwake hakuna tatizo lisilotibika kwa kuongeza pesa, akaniambia, "Shemeji, panda kifurushi tu." Lakini kifurushi hakikuwa na kosa, kwa sababu nikisimama kando ya modemu na kupima kasi kwa simu nilikuwa ninapata megabiti zote nilizolipia. Akaona aniletee ripita, akaichomeka ofisini kwangu, mahali palepale ambapo mawimbi yalikuwa yamekwisha kufa, na ikawa inarudia kwa bidii kile kidogo ilichokipata, yaani karibu hakuna.

Jambo ambalo hakuna aliyetaka kunisikiliza nikilisema ni hili la kuta. Waifai hutumia zaidi masafa mawili. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na yamejaa mitandao ya majirani, huku yale ya gigahezi 5 yakiwa na kasi kubwa lakini yakififia upesi yakikutana na jiwe, na zaidi yakikutana na zege lenye chuma ndani. Tangi la maji na kioo kikubwa cha kabati pia huchangia. Panda kifurushi upendavyo, ukuta hausomi risiti yako.

Ndipo tunapofika kwenye meshi, ambayo husifiwa sana madukani na kuelezwa kidogo mno. Ni vituo viwili au zaidi vinavyotumia jina moja na nenosiri moja, vikiwa vinaratibiwa pamoja, ili simu yako ihame kutoka kimoja hadi kingine unapopanda ngazi bila wewe kuigusa. Hilo ni kweli na linapendeza. Lakini kituo cha pili hakizalishi intaneti, bali kinapewa na cha kwanza, kama watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisimani, ambapo aliye mwisho wa mstari hawezi kumimina asichokabidhiwa. Kiungo kati ya vituo kikiwa hafifu, simu itaonyesha vistari vyote na ukurasa bado hautafunguka. Vituo vya bei nafuu vyenye masafa mawili tu ndivyo huumia zaidi, kwa sababu masafa yaleyale yanayohudumia simu yako ndiyo yanayobeba mzigo kati ya kituo na kituo, na kila mruko kutoka kituo hadi kituo unaweza kula karibu nusu ya kasi. Vingi vya masafa matatu hutenga njia moja kwa ajili ya kiungo hicho, ingawa zege huizuia hiyo pia.

Kwa hiyo vituo vyangu vya meshi niliviunganisha kwa waya. Nilinunua kebo ya mtandao ya aina ya Cat 6, ya shaba halisi, si ile ya alumini iliyopakwa shaba inayouzwa kwa bei ya kuvutia, nikamwita fundi wa umeme aipitishe kandokando ya ngazi hadi kwenye korido ya juu. Alicheka. "Mama, unanunua kitu kisichotumia waya, halafu unakivutia waya?" Nilimwambia atoboe. Kebo hiyo hubeba gigabiti moja hadi mita 100, umbali ambao nyumba yangu haitaufikia kamwe, na leo kasi ya ghorofa ya juu na ile ya ghorofa ya chini hazina tofauti ninayoweza kuipima. Shemeji siku hizi huja Jumapili na kompyuta yake, hukaa juu, na mimi simsemeshi lolote kuhusu vifurushi.

Kupanga mitambo yenyewe kwa programu ya simu ni kazi nyepesi ambayo sina haja ya kuisimulia. Angalia tu kwamba modemu ya kampuni na kituo kikuu cha meshi havigawi vyote viwili anwani za mtandao, yaani zile namba zinazotambulisha kila kifaa, maana hapo kamera na michezo ya mtandaoni huanza kusumbua. Ama modemu iwekwe katika hali ya daraja (bridge mode), yaani ipitishe intaneti tu bila kugawa anwani, ama meshi iachiwe kazi ya kusambaza waifai peke yake. Kisha zima waifai ya modemu.

Ndugu zangu, tuache kununua kabla ya kupima. Tembea na simu chumba kwa chumba, pima kando ya modemu kwanza, na kama hapo pia kasi ni ndogo, dawa si meshi. Kama huwezi kuvuta waya, usikiweke kituo cha pili mahali ambapo mtandao umekufa. Kiweke njiani, mahali ambapo mtandao bado una nguvu. Na kila kituo kinahitaji umeme: stima ikipotea, faiba yenyewe mara nyingi inaendelea kufanya kazi, kwa sababu waya wa kioo kutoka kwa mtoa huduma hadi kwako hauhitaji umeme njiani, lakini modemu na vituo vyako vimezimika. Betri ndogo ya volti 12 hutosha modemu nyingi. Soma volti iliyoandikwa kwenye kila kifaa kabla ya kuchomeka.

Msomaji wangu wa Lanet, anza na viwili, vyote vikiwa na tundu la ethaneti, yaani la kuchomekea kebo ya mtandao, uviunganishe kwa waya. Vitatu vikikaribiana sana huingiliana, na simu hubaki imeng'ang'ania kile kilicho mbali, kwa kuwa simu ndiyo huamua lini ihame. Na kile chumba cha uani ulichokitaja, usikivutie kebo ya shaba hewani kutoka nyumba kubwa, kwa maana radi ikipiga jirani, kebo hiyo inaweza kuingiza umeme katika vifaa vya pande zote mbili. Tumia faiba, ambayo kioo chake hakipitishi umeme, pamoja na kigeuzi kimoja kila upande cha kuunganisha faiba na ethaneti, na umwambie fundi achague ile isiyo na waya wa chuma ndani.