Maswali na Majibu ya Magari: Moshi Mweupe na Maji Yanayopotea

SWALI: Assalamu alaikum. Gari langu ni la petroli. Tangu kipupwe kilipoingia, linatoa moshi mweupe mwingi kila ninapoliwasha asubuhi, na hata nikifika Chake Chake moshi bado upo. Maji ya rejeta yanapungua, lakini chini ya gari sioni tone. Fundi mmoja ameniambia kuwa ni baridi ya asubuhi. Mwengine amenishauri nitie dawa ya kuziba uvujaji. Nimfuate yupi?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yetu. Kwa maelezo uliyotupa, usimfuate hata mmoja.

Ni kweli kwamba petroli inapoungua huzaa mvuke wa maji, na mvuke huo ukipita katika ekzosi iliyopoa huweza kuonekana kama moshi na hata kudondosha maji. Lakini hewa ya Pemba, hata wakati wa kipupwe, si ya baridi kiasi hicho. Ekzosi ikishapata moto, mvuke hutoweka baada ya dakika chache. Moshi unaokusindikiza kutoka Wete hadi Chake Chake, tena huku maji yanapungua, unatia shaka kwamba maji ya kupoza injini yanaingia ndani ya silinda, na mara nyingi njia yake ni gasketi ya silinda hedi iliyoungua (bamba jembamba la kuziba kati ya injini na hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda), au hedi yenyewe iliyopinda au kupasuka baada ya gari kuchemsha.

Shaka hiyo ithibitishwe kabla ya kufungua chochote. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa (ikiwa ya moto, mfuniko wa rejeta usiguswe, kwani maji yake huunguza vibaya), fungua mfuniko, jaza maji, washa gari na uangalie mdomoni mwa rejeta. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonasa. Yakiendelea kutoka bila kukoma, hiyo ni gesi ya silinda inayopenya. Kisha fundi atoe plagi zote na azipange kwa mfuatano wake: ile ya silinda inayoingiza maji mara nyingi huwa safi kuliko wenzake, kama iliyooshwa. Kijiti cha oili nacho kitazamwe, kwani oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, ingawa oili safi haimaanishi kwamba gasketi ni nzima. Gari lingekuwa la dizeli, tungeanzia kwengine, kwa sababu moshi mweupe unaowasha macho huwa ni dizeli isiyoungua.

Dawa ya kuziba haitufurahishi: huweza kuziba vijinjia vyembamba vya rejeta, ukabaki na maradhi mawili. Wakati unasubiri fundi, usilitembeze gari, na asubuhi injini ikigoma kuzunguka usilazimishe starta. Maji yaliyojaa juu ya pistoni hayabanwi, na kinachopinda ni mkono wa pistoni.

Hedi ikishafunguliwa, usikubali ibadilishwe gasketi tu. Ipelekwe kwanza kwenye karakana yenye mashine, ipimwe kama imenyooka na kama ina ufa, na boliti zikazwe kwa mfuatano na kipimo cha mtengenezaji. Baada ya hapo tia kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini), si maji ya kisima, kwani mengi ya visima vyetu yana chokaa au chumvi inayoacha ukoko na kuila hedi ya aluminiamu.