EGFR imeongezeka kwenye uvimbe wa ubongo, mbona hapewi dawa za EGFR?

Swali: Daktari, shikamoo. Mjomba wangu amepasuliwa uvimbe wa ubongo. Majibu ya kinyama yanasema ni glioblastoma (saratani kali ya ubongo), jeni ya IDH haina mabadiliko, na nakala za jeni ya EGFR zimeongezeka. Mimi ni mfamasia, na najua wagonjwa wa saratani ya mapafu wenye kasoro ya EGFR hupewa erlotinibu, dawa inayozuia EGFR, na wengi hupata nafuu. Mbona mjomba hajaandikiwa?

Jibu: Marahaba, na poleni sana. Swali hilo limewasumbua watafiti kwa zaidi ya miaka 20. Erlotinibu na jamaa zake zimejaribiwa kwa wagonjwa wa glioblastoma, na hazikurefusha maisha yao.

EGFR ni kipokezi kwenye utando wa seli. Kichocheo cha ukuaji kikijishika nacho, seli huamriwa igawanyike. Tangu 1985 inajulikana kwamba katika baadhi ya uvimbe wa ubongo jeni hii imejirudufu kupita kiasi. Ni takriban glioblastoma 4 kati ya 10. Karibu nusu ya hizo zina pia umbo liitwalo EGFRvIII, lililopoteza eksoni (vipande vya jeni) ya 2 hadi ya 7. Umbo hilo huamuru ukuaji hata pasipo kichocheo.

Hapo ndipo mapafu na ubongo vinapoachana. Mapafuni kasoro nyingi ziko sehemu ya ndani ya kipokezi, eksoni ya 19 na ya 21, pale pale erlotinibu inapojishika. Katika glioblastoma kasoro ziko zaidi sehemu ya nje, na hukipa kipokezi mkao ambao dawa hiyo haiushiki vizuri. Ongeza kizuizi kati ya damu na ubongo, kinachopunguza kiasi cha dawa kinachofika.

Kwa maoni yangu, lililo gumu zaidi ni kwamba seli za uvimbe mmoja hazifanani. Nakala za ziada za EGFR mara nyingi hazimo ndani ya kromosomu. Ni vipande vya DNA vya mviringo vilivyo peke yake, na seli ikigawanyika, watoto wake huvirithi bila usawa. Maabara imeonyesha kuwa dawa ikiingia, seli hubaki na nakala chache. Dawa ikisitishwa, nakala hurudi. Seli ya jirani huenda inategemea PDGFRA au MET, vipokezi vingine vya ukuaji, wala haina haja na EGFR. Na jeni ya PTEN, ambayo ni kama breki ya ukuaji, ikipotea, amri ya kukua huendelea ndani hata kipokezi kikizibwa. Hata chanjo dhidi ya EGFRvIII, ambayo wengi tuliitumainia, haikurefusha maisha katika jaribio kubwa lililochapishwa 2017. Uvimbe uliporudi, wagonjwa wengi hawakuwa tena na EGFRvIII, wakiwemo wasiopewa chanjo.

Kwa hiyo usimnunulie erlotinibu, nakusihi. Kipimo chake cha EGFR kinasaidia kuuthibitisha ugonjwa: kwa mwongozo wa WHO wa 2021, astrositoma (aina ya uvimbe wa ubongo) ya mtu mzima isiyo na mabadiliko ya IDH, hata ikionekana pole kwenye hadubini, huitwa glioblastoma ikiwa na ongezeko hilo.

Mwulize daktari wake kuhusu mionzi pamoja na temozolomidi (dawa ya kemotherapi), tiba ambayo mwaka 2005 ilionyesha wastani wa kuishi miezi 14.6 badala ya 12.1 kwa mionzi pekee. Uliza kama MGMT, jeni inayohusika na kurekebisha DNA, imepimwa, maana kipimo hicho hutabiri nani atanufaika zaidi na temozolomidi. Kama maabara inaweza, waombe wapime pia kasoro za jeni za BRAF V600E na NTRK. Ni nadra kukutwa, lakini hizo zina dawa zilizoonyesha kufanya kazi hata ubongoni.